Uhuru wa kusema Uganda: haki inafika wapi, na nani anajibu neno likishatoka

Mwalimu_Arua (mwanzisha uzi)

Salaam wadau. Kwenye magrupu yetu yanazunguka maneno mawili, na yote mawili yana hatari. Moja ni "Katiba imeniruhusu, nasema nitakalo." Jingine ni "Hapa Uganda, nyamaza tu." La kwanza linampeleka mtu mahakamani bila kinga. La pili linaacha fedha za kisima cha kijiji zipotee huku kijiji kizima kinajua.

Naweka msingi, wenye ujuzi waongeze. Ibara ya 29(1)(a) ya Katiba ya 1995 inampa kila mtu uhuru wa kusema na kujieleza, pamoja na uhuru wa vyombo vya habari. Zingatieni: kila mtu. Mkimbizi aliyeko kambi ya Bidibidi ana haki hii sawa na mwanahabari wa Kampala. Ibara ya 41, inayohusu kupata habari zilizo mikononi mwa dola, ni ya raia tu. Wengi wanazichanganya.

Kisha kuna Ibara ya 43, ambayo watu huisoma nusu. Nusu ya kwanza inasema haki yako isiharibu haki za wengine wala maslahi ya umma. Nusu ya pili inambana mwenye mamlaka: "maslahi ya umma" hayawezi kuwa sababu ya kumtesa mtu kisiasa, kumfunga bila kesi, wala kuweka kizuizi kinachozidi kile kinachokubalika na kinachoweza kuthibitishwa katika nchi huru ya kidemokrasia. Kwa hiyo anayekuzuia kusema ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini.

Tuchukue mfano mmoja tusipotee. Gombolola, ofisi ya serikali iliyo chini ya wilaya, imepewa fedha za kukarabati kisima cha bomba, na kisima hakitoi maji. Mtu anataka kuandika kwenye grupu la kijiji: "Mwenyekiti amekula pesa ya maji." Afanyeje?

---

Wakili_Mpakani

Mwalimu, mfano mzuri. Sentensi hiyo ina maneno matano, na neno "amekula" ndilo lenye kesi. Unamshtaki mtu kwa wizi. Ukipelekwa kortini utatakiwa kuthibitisha wizi, wakati ulichokiona wewe ni bomba kavu.

Mdai katika kesi ya kukashifiwa ana mambo ya kuonyesha: kwamba maneno yanamshushia heshima mbele ya watu wa kawaida, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba yalimfikia mtu wa tatu. Kumtaja jina si lazima. Ukiandika "yule mnene wa ofisi ya pili" na watu wakamjua, umemtaja. Wewe ukitaka kujikinga una njia kuu tatu: ni kweli; ni maoni ya haki juu ya jambo la umma, yaliyojengwa juu ya mambo ya kweli; au uliyasema mahali penye kinga, kama bungeni, kortini, au kwenye malalamiko kwa ofisi inayohusika.

Andika hivi badala yake: "Ubao wa matangazo wa gombolola unaonyesha kisima chetu kimekarabatiwa. Leo, tarehe hii, hakitoi maji, na mabomba ni yaleyale yenye kutu. Tunaomba mwenyekiti na afisa wa maji watueleze kazi gani ilifanyika." Kila kipande hapo unaweza kukithibitisha kwa picha. Na amini usiamini, maandishi haya yanamuumiza kichwa mwizi kuliko tusi, kwa sababu hana pa kushika.

Mambo matatu huwaponza watu. Kwanza, "inasemekana" na "inadaiwa" si kinga. Anayerudia kashfa ameitoa upya kwa jina lake. Pili, kashfa bado ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu. Mahakama ya Katiba ililiacha lisimame mwaka 2009. Huko kwenye jinai ukweli peke yake hautoshi: uonyeshe ni kweli *na* kwamba kulitangaza kulikuwa kwa faida ya umma. Katika madai ya kawaida ukweli unatosha. Ndiyo maana mambo ya ndoa ya mwenyekiti, hata yakiwa kweli, yaacheni. Maji ya kijiji ni faida ya umma, chumba chake cha kulala hapana. Tatu, maneno yaleyale kwenye barua kwa mkuu wa utawala wa wilaya yana kinga mradi huna chuki wala nia mbaya. Kwenye grupu la watu mia nane kinga hiyo inayeyuka, maana mia saba na tisini kati yao hawana mamlaka wala wajibu wowote juu ya kisima.

---

Boda_Mbale

Wakili asante. Lakini nauliza. Kumbe uongo haulindwi kabisa? Afande akisema "hii ni habari ya uongo," mambo yamekwisha?

---

Wakili_Mpakani

Hapana ndugu, na hapa naomba kila mtu asome polepole.

Tarehe 21 Septemba 1997 gazeti la Sunday Monitor lilichapa habari, ikinukuu jarida la nje, kwamba Laurent Kabila, rais wa Kongo, aliilipa Uganda kwa dhahabu. Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo chini ya kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu. Hakimu aliwaachia, lakini wao hawakuishia hapo. Waliendelea kupinga kifungu chenyewe. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ilikifuta. Jaji Mulenga alieleza kwamba kauli haitoki nje ya ulinzi wa Katiba eti kwa sababu mtu fulani anaiona ni ya uongo, ina makosa, au inachukiza. Kifungu kiliadhibu kitu ambacho *huenda* kingeleta hofu, hata kama hakuna aliyeogopa. Hatari ya kukisiwa haitoshi kumfunga mtu mdomo.

Sababu yake inaeleweka. Mkulima hana maabara wala mhasibu. Kama kila kosa la ukweli ni jinai, atakayethubutu kuuliza habari za kisima hayupo.

Kwa hiyo uongo *peke yake* si kosa. Uongo unaomharibia mtu jina, unaotumika kutapeli, au unaochochea watu kupigwa, huo una sheria zake, na kinachopimwa ni madhara.

Baada ya hapo Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali, Agosti 2010. Januari 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kile cha "mawasiliano ya kuudhi", kwa kuwa hakikueleweka: "kuvuruga utulivu" wa mtu ni nini hasa? Mwananchi lazima ajue kosa kabla ya kulitenda.

Lakini msishangilie mapema. Kifungu cha 24, unyanyasaji wa mtandaoni, hakikuguswa na hukumu hiyo. Na Oktoba 2022 marekebisho ya sheria hiyohiyo yalisainiwa, yakaleta makosa ya "habari za nia mbaya", "kauli za chuki", na kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Kesi za kuyapinga zilifunguliwa upesi Mahakama ya Katiba. Ukishtakiwa, mwambie wakili wako aangalie kifungu chako kimefikia wapi. Jambo jingine dogo lenye kusumbua: toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 limebadilisha namba nyingi za vifungu. Hizi ninazotaja ni za zamani, za wakati wa hukumu. Soma maneno ya kosa kwenye karatasi ya mashtaka, usitegemee namba.

---

Mkalimani_Bombo

Naongeza la lugha, kwa sababu nusu ya kesi hizi huharibikia hapo.

Tunasema Kiluganda, Kinubi, Lugbara, Kiswahili, na kesi inaendeshwa kwa Kiingereza. Neno "kula" katika lugha zetu nyingi ni kutumia, kunufaika, kuiba, hata kushinda uchaguzi. Kwenye karatasi ya Kiingereza linakuwa wizi, basi. Kesi ya kashfa hapa Uganda sharti itaje maneno yenyewe kama yalivyosemwa, kwa lugha ileile, pamoja na tafsiri. Hati ikiwa na muhtasari tu, "mshtakiwa alimtukana mdai," wakili wako ana pa kuanzia.

Kwa hiyo hifadhi sauti asili. Mkutano ukirekodiwa, usikate kipande cha sekunde 20 ukatupa kilichobaki. Kilichosemwa kabla na baada ndicho kinachoonyesha maana.

Na ukiwa polisi: maelezo yako yaandikwe kwa lugha uliyoyasema, kisha yatafsiriwe kwa Kiingereza, karatasi mbili. Usisaini karatasi ya Kiingereza usiyoielewa. Sema kwa heshima, "Afande, naomba nisomewe kwa lugha yangu kwanza." Hilo si ukaidi.

---

Mtangazaji_FortPortal

Upande wa redio mzigo ni mkubwa zaidi, maana kituo kinajibia hata maneno ya mpiga simu. Kumbukeni Septemba 2009: baada ya ghasia zilizotokana na safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda Kayunga kuzuiwa, redio ya CBS ilifungwa, ikarudi hewani Oktoba 2010. Vituo vingine navyo vilizimwa. Bimeeza, ile mijadala ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja, ilipigwa marufuku wakati huohuo. Naliona hilo ni hasara kubwa. Pale muuza nyanya alikuwa anambana mbunge ana kwa ana.

Katika Sheria ya Mawasiliano ya 2013 kuna jedwali la viwango vya chini vya utangazaji: kipindi kisichochee vurugu wala ubaguzi wa kikabila, kisipotoshe ukweli, na wagombea wa nafasi moja wapewe fursa sawa. UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ndiyo inayosimamia. Maneno ni mapana, na mapana hayo hutumiwa vibaya, lakini kituo kilichojipanga kina cha kujitetea.

Kujipanga ni hivi. Anayepokea simu asiwe mtangazaji. Aulize jina, mahali, na jambo analotaka kusema, *kabla* ya kumuunganisha. Kama kituo kina kifaa cha kuchelewesha sauti, mara nyingi sekunde 7, mtangazaji awe na kitufe mkononi. Nimesikia vituo vinavyokinunua kisha kikakaa stoo. Kama hakuna, rekodi simu wakati wa wimbo, sikiliza, ndipo urushe. Mpiga simu akimtaja mtu kwa wizi, mtangazaji asicheke wala asiseme "ehee, endelea." Akate na aseme: "Hilo hatuna ushahidi wake hapa. Aliyetajwa ana nafasi ya kujibu." Kisha apigiwe kweli, na saa aliyopigiwa iandikwe. Kupiga mara moja saa nne usiku na kutangaza "hakupatikana" si kumpa nafasi. Mpe hoja mahususi na muda wa kutosha. Hifadhi rekodi nzima ya kipindi, maana mlalamikaji atakuja na kipande alichokikata yeye.

---

Admini_Jinja

Kwa sisi wa WhatsApp, naandika yanayofanya kazi.

Kanuni za grupu zikae kwenye maelezo ya grupu, mistari mitano, si risala. Kukitokea moto, geuza mpangilio ili maadmini tu waandike, kwa saa chache. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, lakini kabla ya kuufuta uhifadhi, maana ndio ushahidi. Na ujue kufuta hakurudishi nakala zilizokwisha kutoka.

Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umepita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inauruhusu kwenda kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Mimi huichukulia alama hiyo kama onyo: asiyejua chanzo asiupeleke. Picha ya "maiti za jana" itafute kwa kutumia picha yenyewe kwenye Google. Nyingi hutoka nchi nyingine, miaka mingine.

Ushahidi wako nao ulinde. Picha ya skrini ni dhaifu: haina mwaka, na inakatwa kirahisi. Tumia "hamisha mazungumzo" upate faili lenye tarehe na saa, na simu yenyewe usiiuze. Picha ya kisima usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida ukategemea nakala iliyotumwa. Inabanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Itume kama dokumenti au tunza ya asili. Korti, chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, inaangalia kama rekodi ilitunzwa kwa njia ya kuaminika na haikuguswa.

---

Boda_Mbale

Na kabila? Stendini kwetu maneno ni "watu wa magharibi hivi, Waganda vile." Ni kosa au ni mdomo tu?

---

Mwalimu_Arua

Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuchochea utengano kwa dini, kabila au eneo, kifungo hadi miaka 5. Mahakama ile iliyofuta uchochezi mwaka 2010 ililiacha hili.

Kuna kipimo kilichokubaliwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mjini Rabat mwaka 2012, chenye maswali sita: hali ya nchi ikoje, nani anasema, anakusudia nini, maneno yenyewe yanasema nini na kwa namna gani, yanawafikia watu wangapi, na madhara yako karibu kiasi gani. "Watu wa kabila fulani wana kiburi" kijiweni ni neno baya, linastahili kujibiwa na kukemewa, si kufungwa. "Duka lao liko mtaa ule, tukutane saa kumi" likitoka kwa mwenye wafuasi siku ya ghasia, maswali yote sita yanajibiwa vibaya. Redio RTLM ya Rwanda ilisoma majina ya watu na namba za magari hewani wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake mwaka 2003, na hata baada ya rufaa ya 2007 kupunguza makosa, hatia hazikuisha.

---

Wakili_Mpakani

Mwalimu, kipimo cha Rabat nakikubali chote. Kifungu chetu cha utengano sikikubali kilivyo. Hakidai madhara yawe karibu, kwa hiyo anayelalamika kwamba ajira serikalini zinagawiwa kwa upendeleo wa eneo anaweza kushtakiwa sawa na anayewaita watu kwenye mapanga. Hilo la ajira ni swali halali la kisiasa.

---

Mtangazaji_FortPortal

Wakili, nchi ambayo jirani yake ni Rwanda na iliyoona 2009 haiwezi kusubiri moto uwake. Kifungu kibaki, kiandikwe upya.

---

Wakili_Mpakani

Kuandikwa upya, hapo tuko pamoja.

---

Mwalimu_Arua

Turudi kisimani. Kabla ya redio na grupu kuna njia za karatasi ambazo hazitumiki ipasavyo.

Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Andika kwa afisa wa habari wa taasisi. Kisheria ni mkuu wake mtendaji, kwa wilaya ni mkuu wa utawala. Eleza waraka unaoutaka kwa usahihi: "mkataba wa ukarabati wa kisima fulani, gharama na vipimo vya kazi, na hati ya kukamilika." Ukiandika "habari zote za maji" utakataliwa au utaletewa magunia. Huna wajibu wa kueleza sababu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Afisa ana siku 21. Kimya kikipita hapo kinahesabiwa kuwa amekataa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Wengi hukwama kwa kukosa muhuri tu: hakuna cha kuhesabia siku.

Ya pili ni Baraza, mpango ulioanza 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambapo maafisa wanasimama mbele ya wananchi wa gombolola kueleza fedha. Njoo na swali moja na waraka mmoja.

Ya tatu ni ya mfanyakazi wa ndani anayejua siri. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2010 inamlinda akipeleka kwa ofisi zilizotajwa: mwajiri, IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali), polisi, Tume ya Haki za Binadamu, RDC (mwakilishi wa rais wilayani) na nyinginezo. Fedha zikiokolewa, ana haki ya asilimia 5. Akianzia Facebook, ulinzi huo hana.

---

Boda_Mbale

La mwisho wazee wangu. Mtu amefuata yote haya, na bado amekamatwa kwa ajili ya ujumbe. Familia ianze wapi?

---

Wakili_Mpakani

Ianze na saa. Andikeni saa na mahali alipokamatwa, na nani alishuhudia. Ibara ya 23 inataka aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, ndugu wa karibu wajulishwe, amwone wakili na daktari, na afikishwe kortini kabla ya saa 48 kupita tangu kukamatwa. Saa hizo zinaanzia barabarani alipokamatwa, hata kama kituo kimeandika jina lake baadaye. Hakikisheni jina lipo kwenye kitabu cha kituo. Kama halipo, wakili aombe Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Haki hiyo Ibara ya 44 inakataza kuipunguza kwa namna yoyote.

Bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa dhamana kituoni, ni bure. Mnaodaiwa "kitu kidogo" ombeni risiti.

Simu ikichukuliwa, dai orodha iliyosainiwa yenye aina, rangi, namba ya IMEI (inayoitambulisha simu) na laini. Namba ya kufungulia usiitoe kabla hujaongea na wakili wako. Anayesubiri nje asiandike chochote mtandaoni kuhusu yaliyomo kwenye ujumbe ule. Aandike tu nani amekamatwa, lini, na yuko kituo gani. Haki zake zikivunjwa, Sheria ya 2019 ya utekelezaji wa haki za binadamu inaruhusu kumshtaki afisa mwenyewe binafsi, kwa hiyo majina na namba za maafisa ziandikwe siku hiyohiyo.